Jiko Lisilo na Hodi

Kama unadhani mwalimu wa takwimu hawezi kupendwa, basi hukumwona Verna Pilgrim akiwa na chaki mkononi. Miaka yake ya mjini St. John's, wanafunzi walikuwa wakiketi hadi kwenye ngazi za ukumbi ili wamsikie akieleza wastani. Alikuwa na sauti ya kumwita mtu kutoka ng'ambo ya ghuba, mikono isiyotulia, na tabia ya kumchokoza aliyejificha nyuma kabisa mpaka ajikute yuko ubaoni anakokotoa na kucheka. Kwa hiyo aibu iliyompata alipoanza kufundisha mtandaoni ilimuuma kuliko ambavyo ingemuuma mwalimu wa kawaida.

Alikuwa amerudi Pelley Cove, kijiji alichozaliwa kaskazini mwa kisiwa cha Newfoundland, kumuuguza mama yake. Chuo kilimkubalia afundishe kutoka nyumbani, kozi moja ya takwimu kwa watu wa vijiji vya mbali waliotaka kusomea uuguzi au maabara bila kuhama makwao. Mama alifariki, Verna akabaki na nyumba, paka na kozi. Na kozi, tusifichane, ilikuwa inamshinda. Kila muhula darasa lilianza limejaa, na theluji ya kwanza ikishakaa, nusu ya watu hawaonekani tena. Hawakugombana naye wala hawakuaga. Walipotea tu, kisanduku kimoja cheusi kisicho na uso kwenye kompyuta baada ya kingine.

Mkuu wa kitivo alimpigia simu na kumwambia bila kuzunguka. Muhula huu wengi wasipofika mwisho, kozi inarudi mjini, na anayeitaka ataifuata huko.

Verna alijua vizuri maana ya kuifuata huko. Yeye mwenyewe aliifuata elimu mjini akiwa na miaka kumi na saba, na sanduku lililofungwa kwa kamba ya nyavu, akalia kwenye meli mpaka mpishi akamhurumia na kumpa chai. Baba yake alipofariki, alifika nyumbani akakuta ameshazikwa. Alipoanzisha kozi ile aliapa kwamba hakuna mtoto wa pwani hii atakayelazimika kuchagua kati ya kusoma na kuwa nyumbani, na sasa kiapo kilikuwa kinamponyoka mbele ya macho yake.

Na kulikuwa na Trudy Cull. Trudy aliishi Labrador, ng'ambo ya mlango-bahari, akifanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya wazee. Mumewe alikuwa mbali Alberta kwenye visima vya mafuta, anaondoka kwa ndege na kurudi kwa ndege kama nusu ya wanaume wa kule. Alikuwa na mabinti wawili na mama mkwe asiyeona. Alitaka kuwa muuguzi, hospitali ya jirani ilikuwa tayari kumpokea kwa mafunzo, na kilichokuwa kimemzuia mlangoni ni takwimu. Alikuwa ameshafeli mara mbili, na chuo hakiruhusu mara ya nne. Kwa Verna, Trudy alikuwa jina tu juu ya kisanduku cheusi, na barua pepe fupi zilizoanza kila mara kwa "Samahani kwa usumbufu, Mwalimu."

Usidhani Verna alikaa bure. Alifuata kila alichoelekezwa na Brent Fewer, mtaalamu wa chuo wa ujifunzaji wa kidijitali, kijana nadhifu aliyeongea taratibu kana kwamba anamsomea mgonjwa maelekezo ya dawa. Fewer alisema mwalimu avae rasmi, na nyuma yake pawe na mandhari ya heshima. Mihadhara irekodiwe yote, mirefu, isikose kitu. Mwanafunzi mwenye shida aingie kwenye chumba cha kusubiri cha mtandaoni, abishe hodi, mwalimu amkague jina ndipo amfungulie. Verna akatafuta mahali pa heshima kuliko pote nyumbani kwake, akaipeleka kompyuta kwenye chumba cha mbele.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na mtu wa Pelley Cove ndiye pekee angeweza kulifanya. Chumba cha mbele ni cha mchungaji na cha maiti. Kina viti vizuri ambavyo hakuna aliyewahi kuvikalia kwa raha, Biblia kubwa, na picha ya babu aliyekasirika. Mlango wake unatazama bahari na hauna hata ngazi, kwa sababu hakuna anayeutumia ila jeneza. Watu huingia kwa mlango wa nyuma, moja kwa moja jikoni, bila hodi. Hodi ni ya askari na ya mtu wa serikali. Jirani akikubishia hodi, unajiuliza umemkosea nini.

Sasa jionee mwenyewe. Kila Jumanne Verna anajiweka hapo na koti lake jeusi, chini ya picha ya babu, mahali pale pale alipolazwa baba yake na baadaye mama yake, anatazama kamera na kuuliza, "Kuna swali?" Na wale watu, waliolelewa wote katika nyumba za namna hiyo, wanafanya walichofundishwa tangu utotoni kufanya katika chumba hicho. Wananyamaza na kuweka mikono mapajani. Na mwenye shida anaambiwa abishe hodi! Verna alikaa na chumba chake cha kusubiri wiki baada ya wiki, hakuna aliyebisha, akaanza kuamini kwamba ni wavivu. Mwanamke mwenye akili yote ile, akashindwa kusoma chumba cha nyumbani kwake.

Kilichomwokoa ni kipasha joto kuharibika. Ilikuwa Jumanne ya baridi kali, upepo wa kaskazini, na chumba cha mbele kikawa barafu. Darasa lilikuwa linaanza. Verna akabeba kompyuta na kukimbilia jikoni kwenye jiko la kuni, akaisukuma mezani kati ya kinyunya cha mkate na kopo la maziwa, akaanza somo huku amefedheheka, na sweta la marehemu baba yake mwilini. Hakuwa amefika mbali mlango wa nyuma ulipofunguka.

Aliyeingia ni Effie Pilgrim, jirani, mwanamke aliyekula chumvi nyingi ambaye kila mtu alimwita Shangazi, awe ndugu asiwe ndugu.

"Verna! Yule mpumbavu wa gari la kusukuma theluji kanizibia mlango tena! Nimetokea dirishani, mtu na umri wangu, miguu juu kama kuku!"

"Shangazi Effie, niko darasani."

"Darasani wapi? Uko jikoni, una unga puani."

Kwenye kompyuta mtu akacheka. Alikuwa amesahau kuzima kipaza sauti. Effie akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo.

"Nani kacheka? Eh? We uliyecheka, wewe ni wa nani?"

Hakuna mtu aliyezaliwa pwani ile anayeweza kuulizwa ni wa nani akaliacha swali lielee. Kisanduku kimoja kikafunguka, akatokea mwanamume mwenye ndevu na ovaroli yenye mafuta. Alikuwa Calvin Dredge, fundi wa mitambo kwenye kivuko.

"Ni mimi, Shangazi. Mimi ni wa Hubert Dredge, wa Ship Arm."

"Hubert! Yule wa miguu mikubwa?"

"Huyo huyo."

"Alinikanyaga siku ya harusi yangu, kidole hiki hapa mpaka leo kinatabiri mvua. Mwambie nimemsamehe, ila asirudie. Na wengine je? Mbona mmejifunika giza kama wezi?"

Wakaanza kufunguka. Mmoja alikuwa garini nje ya duka, mwingine amempakata mtoto. Wa mwisho alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sare ya kazi, macho yamechoka, nywele zimefungwa haraka haraka.

"Mimi ni Trudy. Nimeolewa kwa kina Cull, ila ni wa Pearl Rumbolt."

"Pearl aliyekuwa akiimba kanisani! Mbona umekonda hivyo, mwanangu? Hawakulishi huko?"

"Ni takwimu, Shangazi."

Jiko zima likaangua kicheko, jiko la Verna na majiko yote yaliyokuwa ndani ya kompyuta. Kicheko kilipotulia, Trudy alikuwa bado anatazama kamera.

"Mwalimu, kwa kuwa tuko jikoni, niulize kitu cha kijinga?"

"Uliza, mpenzi."

"Ule mchepuko wa kwenye takwimu. Unasema mchepuko mkubwa, mchepuko mdogo. Mimi siuelewi. Nimeanza kutouelewa tangu mwaka juzi."

Verna alihisi kama amemwagiwa maji. "Mwaka juzi! Sasa kwa nini hukuniuliza, Trudy?"

"Ningeulizaje pale? Nyuma yako kuna marehemu anakutolea macho."

"Mimi kila Jumanne navua kofia," alisema Calvin. "Nafungua kompyuta, navua kofia. Sijui hata kwa nini."

Verna alikaa kwenye kiti cha jikoni akaona yote kwa mara moja, koti jeusi, picha, hodi, na nyuso zilizofichwa. Alitaka kulia na alitaka kucheka, akafanya vyote viwili mbele ya darasa, na Effie akampa kitambaa cha vyombo apanguse macho.

"Haya," alisema alipopumua. "Sahau kitabu. Kuna wavuvi wawili. Wa kwanza, kila akitoka anarudi na pipa moja la samaki. Leo pipa, kesho pipa. Wa pili leo anarudi na mapipa matatu, kesho hana hata mkia, keshokutwa hana, siku ya nne pipa moja. Mwisho wa msimu umewajumlishia na kugawanya, wastani ni ule ule. Sasa niambieni, hao wawili ni sawa?"

"Sawa wapi!" alisema Trudy. "Watoto wa yule wa pili wanalala na njaa siku mbili kati ya siku nne."

"Wastani haukuonyeshi hiyo njaa. Mchepuko ndio unaoionyesha. Unakwambia siku zake zinapishana na wastani kwa kiasi gani."

Trudy alipiga meza kwa kiganja. "Ni hivyo tu? Hivyo tu? Mgonjwa wangu mmoja presha yake iko hivyo! Wastani mzuri, lakini asubuhi iko juu ya dari na jioni iko sakafuni. Daktari anatazama wastani anasema hajambo!"

"Basi ulikuwa unaujua mchepuko kabla yangu."

"Huyo mvuvi wa pili namjua," alisema Effie akijimiminia chai. "Nilizaa naye watoto watano."

Tangu siku ile Verna hakurudi chumba cha mbele ila kufuta vumbi. Chumba cha kusubiri alikifutilia mbali. Kila alasiri kompyuta ilikaa wazi mezani, birika likiwa jikoni, na yeyote aliingia atakavyo, bila kubisha na bila kueleza anataka nini. Wengine waliingia wakakaa kimya wakifanya mazoezi huku Verna akikanda unga, na ukimya huo ulikuwa wa namna nyingine kabisa. Kilichomshangaza zaidi ni kuwa walianza kuulizana wenyewe. Verna akirudi kutoka ghalani na kuni, anamkuta Calvin anamfundisha mwenye mtoto, kwa fujo nyingi na makosa machache.

Ile mihadhara mirefu nayo ikapata kiboko chake. Aliwauliza wanaitazamaje, wakamwambia ukweli kwamba hawaitazami. Mtandao wa vijijini ulikuwa unaitafuna, na nani ana muda wa kukaa mbele ya kioo? Wanaendesha gari, wanapika, wanawaogesha wazee. Verna akaanza kurekodi sauti peke yake, vipande vifupi, hoja moja kila kipande, na kuni zikilia nyuma. Trudy alivisikiliza akiendesha gari kwenda kazini. Mama mkwe wake asiyeona alivisikiliza pia, akawa anamuuliza maswali wakati wa chakula, na kumcheka akikosea.

Brent Fewer alipopata habari kwamba chumba cha kusubiri kimefungwa na kwamba kuna mwanamke asiye mwajiriwa anayeongea darasani, aliandika kwamba atakuja kukagua. Aliingia Jumanne kama kisanduku cheusi, akajitambulisha kwa sauti yake ya dawa, akaomba waendelee kana kwamba hayupo.

Effie alikuwepo, bila shaka. Aliweka kikombe chini.

"Nani huyo asiye na uso?"

"Ni mtazamaji tu, mama. Naomba mnisahau."

"Jikoni kwa watu huwezi kuingia ukasahauliwa, mpenzi. Wewe ni wa nani?"

"Sidhani kama hilo linahusiana na tathmini ya..."

Hakuna aliyemsaidia. Darasa zima lilimngojea, Calvin akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza injini yenye hitilafu. Mwishowe kisanduku kikafunguka. Fewer alikuwa amevaa tai, na nyuma yake kulikuwa na rafu ndefu ya vitabu.

"Vitabu gani hivyo havina vumbi?" Effie alisema. "Picha hiyo. Toa."

Fewer alibonyeza kitu, rafu ikatoweka. Nyuma yake kulikuwa na kamba ya nguo za mtoto zinazokauka, na soksi moja imeanguka juu ya kiti. Masikio yake yalikuwa yamegeuka mekundu.

"Mimi ni wa Stella Fewer," alisema, na kwa mara ya kwanza alisikika kama mtu. "Bibi yangu huyo ndiye aliyenilea. Tulikuwa na jiko kama hilo. Alikuwa akikaanga kinyunya cha mkate asubuhi, anakimwagia molasi, ile sharubati nyeusi ya miwa."

"Sasa unaongea," alisema Effie. "Kaa. Wamefika kwenye jambo gumu."

Jambo gumu lilikuwa jinsi ya kupima watu wachache na kuwasemea wengi. Calvin alikuwa amekwama. Verna alifungua kinywa, lakini Trudy alimtangulia. Akaeleza kwa supu ya nyumba ya wazee. Huhitaji kunywa sufuria nzima kujua chumvi, mradi umekoroga vizuri kabla ya kuchota. Usipokoroga, kijiko chako kinadanganya. Akaeleza mpaka Calvin akasema "Ahaa!" kwa sauti iliyotetemesha kipaza sauti. Verna alisimama na mwiko mkononi. Hakuwa amewahi kufurahi hivyo kwa kuporwa somo lake.

Fewer alikuwa ameacha kuandika. "Darasa hili hufungwa saa ngapi?" aliuliza.

"Chai ikiisha," alisema Verna.

Alikaa mpaka chai ikaisha.

Mtihani wa mwisho ulifanyika theluji ikiwa inaanza kuchuruzika kwenye mapaa, na walifika karibu wote. Darasa ambalo zamani lilikuwa linapukutika lilikaa likaandika mpaka mwisho. Verna alisahihisha kwenye meza ile ile, na karatasi ya Trudy aliiweka chini kabisa kwa sababu aliogopa. Alipoifikia alisoma taratibu. Jibu la kwanza sahihi. La pili sahihi. La tatu lilikuwa na kosa la kujumlisha, akalitukana kosa lile kwa sauti mpaka paka akakimbia. La mwisho, lile la mchepuko, Trudy alilikokotoa bila doa, kisha pembeni akaandika: "Watoto wa mvuvi huyu wanalala na njaa." Amefaulu, na amefaulu vizuri! Verna alitoka nje bila koti, akapiga kelele kuelekea ghubani, na Effie akafungua dirisha kuuliza ni nani amekufa.

Mkuu wa kitivo alipiga simu tena. Kozi inabaki, alisema, na chuo kinataka Verna awafundishe walimu wengine mbinu yake. Fewer alikuwa ameitetea kwenye kikao kwa maneno makali ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo. Baada ya muda Verna alisikia kwamba mwalimu mmoja wa mjini ameanza kufundisha akiwa ameweka nyuma yake picha ya jiko. Alicheka mpaka akashika meza.

Lakini Trudy hakusema kitu. Matokeo yalitoka, wenzake wakajaa jikoni mtandaoni wakipongezana na kutukanana kwa mapenzi, yeye hakuonekana. Hata ile barua pepe ya "Samahani kwa usumbufu" haikuja. Verna alijiambia kuwa ana kazi, ana watoto, na kwamba mwalimu hadai shukrani. Alijiambia hivyo mara nyingi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Barafu ilipoondoka kwenye mlango-bahari na kivuko kikaanza tena safari, kulikuwa na asubuhi ya jua ambayo Verna alikuwa amegeukia jiko, anageuza kinyunya ndani ya kikaango. Mlango wa nyuma ulifunguka. Hakukuwa na hodi. Alisikia viatu vikivuliwa, nyayo za soksi zikipita nyuma yake, na kabati likifunguliwa, mlango wa kushoto, ambako vikombe vinakaa. Alidhani ni Effie.

"Gari la theluji limekuzibia tena?" aliuliza bila kugeuka.

Kikombe cha bluu chenye mpini uliomeguka kiliwekwa mezani, na pembeni yake kopo la maziwa, upande ule ule linakokaa siku zote.

"Mimi ni wa Pearl Rumbolt," sauti ilisema. "Naanza hospitali Jumatatu. Kaa chini, Mwalimu. Chai nakumiminia mimi."

Verna aligeuka. Trudy Cull, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga Pelley Cove maishani mwake na aliyelijua jiko hili kwa kamera tu, alikuwa ameshashika birika.